Klabu yetu na parkrun ya Jumamosi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaklabu wetu wanaozungumza Kiswahili, hasa mliofika Uingereza karibuni na bado mnajiuliza kwa nini nusu ya klabu hupotea kila Jumamosi asubuhi. Maswali ni yale yale tunayoulizwa kwenye mazoezi na kwenye kundi la WhatsApp. Jibu likigusa jambo lililokwisha kuelezwa, tumekuelekeza swali la kusoma.

## Mambo ya msingi

parkrun ni kitu gani?

Ni mwendo wa kilomita 5 unaofanyika kila Jumamosi asubuhi, mara nyingi kwenye bustani ya umma, bila malipo, na muda wako unarekodiwa. Unaweza kukimbia, kutembea, kuchanganya vyote viwili, au kuja kusaidia tu bila kukanyaga njia. Hakuna medali wala zawadi, na hakuna muda wa mwisho wa kufika. Wa mwisho anasubiriwa.

Ilianza tarehe 2 Oktoba 2004 katika Bushy Park, Teddington, kusini magharibi mwa London. Paul Sinton-Hewitt, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Zimbabwe na aliyekulia Afrika Kusini, alikuwa ameumia akijiandaa kwa marathoni na hakuweza kukimbia. Alichohofia zaidi ni kuachana na wenzake wa mbio. Basi akawaita bustanini, wao wakakimbia, yeye akashika saa. Wakimbiaji walikuwa 13, na namba za kumalizia ziligongwa kwenye washa za chuma, zile za kukazia bolti. Kwa zaidi ya miaka miwili ikabaki mahali pamoja, mpaka Wimbledon Common ilipojiunga Januari 2007. Leo ipo katika nchi nyingi duniani.

Ninapenda wanaklabu wapya waijue habari hii kwa sababu moja: aliyeianzisha parkrun siku ile hakukimbia. Alijitolea. Yote yanayofuata hapa chini yanatoka hapo.

Na kwa wenzetu wa Kenya: Teddington ilikuwa tayari inajulikana kwenu. Kwa miaka mingi wanariadha wa Kenya waliokuja kushindana Ulaya majira ya joto walipanga nyumba huko na kufanya mazoezi katika Bushy Park hiyo hiyo.

Je, parkrun ya hapa ni ya klabu yetu?

Hapana. Ina timu yake ya watu wa kujitolea, wengine ni wanaklabu wetu, wengine hawajawahi kuvaa jezi ya klabu yoyote. Sisi ni majirani wanaosaidia. Nasisitiza hili kwa sababu klabu yenye watu wengi na jezi za rangi moja inaweza kumfanya mgeni adhani ameingia kwenye harusi ya watu bila kadi. Mama anayetembea kilomita 5 kwa mara ya kwanza maishani ana haki na asubuhi hiyo sawasawa na nahodha wetu.

Lazima niwe mwanaklabu ndipo nishiriki?

Si lazima. Kadhalika, mwanaklabu halazimiki kwenda parkrun. Wapo wanaopenda mazoezi yetu ya katikati ya wiki tu, na hatuwaulizi.

Ada ni kiasi gani, na nani analipa gharama?

Hulipi hata senti moja, si siku ya kwanza wala siku ya mia. Nyuma ya parkrun kuna shirika la hisani linalopata fedha kwa wafadhili, michango na mauzo ya fulana. Kazi za asubuhi hufanywa na watu wa kujitolea.

Kutolipisha ni msimamo wao mzito. Mwaka 2016 baraza la Stoke Gifford, karibu na Bristol, liliamua kwamba parkrun ya Little Stoke ichangie matunzo ya bustani. parkrun ilikataa kulipisha au kulipa, na mbio za pale zikakoma. Kwa hiyo klabu ikiwaomba msiegeshe magari juu ya majani, msitupe maganda ya jeli za kuongeza nguvu, na muwapishe wanaotembeza mbwa wao, si kwamba tunawasumbua. Uhusiano na wenye bustani ndio unaoziweka hai mbio hizi.

Najiandikishaje?

Mara moja tu, kwenye tovuti ya parkrun. Utaulizwa jina, barua pepe, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, posta kodi, na mtu wa kupigiwa simu ukipata dharura. Hakuna anayeuliza pasipoti, kibali cha kuishi wala uraia wako. Swali hili tunaulizwa kwa sauti ya chini mara nyingi, ndiyo maana nalijibu kwa sauti ya juu.

Utapewa msimbopau (barcode) wenye namba inayoanza na herufi A. Ndio wako wa kudumu, kwa parkrun yoyote duniani. Uuchapishe kwenye karatasi, uuweke kwenye simu, au ununue bangili yenye namba hiyo. Bila msimbopau hutapata muda kwenye matokeo (tazama “Nimesahau msimbopau” chini).

Inaanza saa ngapi?

Hapa Uingereza, England na Wales, ni saa 3 kamili asubuhi, yaani 9:00 kwenye simu yako. Scotland na Ireland ya Kaskazini ni saa 3 na nusu. Fika dakika 20 kabla kama ni mara yako ya kwanza, kwa sababu kuna maelezo mafupi ya wageni: njia inapita wapi, mizunguko mingapi, wapi pana utelezi.

## Klabu inafanya nini pale

Mchango wa klabu ni upi hasa?

Mikono. Kila Jumamosi lazima wapatikane watu wa kutosha ndipo mbio ziende: msimamizi wa mbio, washika saa, wagawaji wa tokeni za kumalizia (vibao vyenye namba ya nafasi uliyomaliza), wasomaji wa misimbopau, waelekezaji njiani, mfunga msafara, wa kupanga koni alfajiri na wa kuzikusanya baadaye. Wasipotimia, mbio haziwezi kufanyika.

Mara chache kwa mwaka klabu huchukua nafasi zote za asubuhi moja. Tunaiita siku ya klabu. Tunakubaliana tarehe na timu ya parkrun mapema, tunakusanya majina, kisha tunayapeleka kwa mratibu wao wa kujitolea, naye ndiye anayapanga. Hatujipangii wenyewe, hata kama tunaijua njia kwa kufumba macho. Msimamizi wa mbio siku hiyo anabaki kuwa mtu aliyefunzwa na timu yao.

Siku ya klabu ina uzuri wake. Wale waliokuwa wakijitolea mfululizo wanapata Jumamosi ya kukimbia, na unawaona nyuso zao zimekunjuka. Lakini kwangu kipimo cha klabu ni Jumamosi ya kawaida ya Januari, mvua inanyesha, hakuna picha ya pamoja, na bado majina yetu matatu au manne yamo kwenye orodha.

Kwa nini nijitolee wakati mimi nimekuja kukimbia?

Kwa sababu kila muda uliowahi kupata, kuna mtu alisimama kwenye baridi ili uupate. Ombi la klabu kwa kila mwanachama ni ajitolee mara chache kila mwaka. Hatuweki adhabu wala daftari la wakosaji. Chagua wiki ambayo mguu unauma, au wiki moja kabla ya mbio kubwa unapotakiwa kupumzika.

parkrun nayo inatambua kujitolea sawa na kukimbia. Ukifikisha mara 25, 50, 100, 250 na kuendelea, iwe ni za kukimbia au za kujitolea, unapata haki ya kununua fulana ya hatua hiyo: zambarau kwa 25, nyekundu kwa 50, nyeusi kwa 100, kijani kwa 250. Walio chini ya miaka 18 wanayo na ya mara 10.

Sijawahi kujitolea. Nianze na kazi gani?

Mwelekezaji njiani. Unavaa kizibao cha kung'aa, unasimama kwenye kona uliyopewa, unaonyesha njia kwa mkono na kuwapigia watu makofi. Ukipiga makofi kwa wa kwanza, wapigie na wa mwisho. Kona nyingi huchangamka dakika kumi za mwanzo kisha zikanyamaza, na wanaopita wakati wa kimya ndio wanaohitaji sauti yako.

Kusoma misimbopau pia ni rahisi. Unatumia programu ya parkrun kwenye simu yako: kwanza msimbo wa mtu, kisha wa tokeni yake. Kazi hii inakukutanisha na kila mtu uso kwa uso, na ndipo wengi wetu tulipojulia majina ya watu tuliokuwa tukipishana nao miezi mizima.

Kushika saa kunataka utulivu kidogo. Unabonyeza kila mtu anapovuka mstari, mmoja baada ya mwingine, na wakija kundi zima usibabaike. Ombi langu: uwe umeshajitolea mara kadhaa kwanza.

Kiingereza changu bado hakijakaa sawa. Nitaweza?

Utaweza. Mkono unaoelekeza kulia hauhitaji sarufi. Tutakuweka kona moja na mwanaklabu mzoefu, na maneno yanayotumika ni machache, yanajirudia kila wiki. Wapo wenzetu waliosema kwamba hapo ndipo walipopata mazungumzo yao ya kwanza marefu na majirani, si darasani.

Mfunga msafara anafanya nini?

Anatembea nyuma ya watu wote ili asiwepo mshiriki wa kuwa wa mwisho. Akishapita yeye, waelekezaji wanajua njia imekwisha na wanaweza kuondoka. Anaandikiwa kilomita 5 zake na anaandikiwa kujitolea, vyote siku moja.

Naiona ndiyo nafasi yenye thamani kubwa kuliko zote, na nasikitika inapochukuliwa kama kazi ya kumsukumia majeruhi. Mpe nafasi hii mtu anayejua kusikiliza. Mtu wa nyuma huenda anatoka kwenye upasuaji, huenda amefiwa, huenda amekaa nje ya lango la bustani wiki tatu akiogopa kuingia. Dakika hamsini au sitini za kutembea na mtu asiye na haraka zinaweza kumrudisha wiki ijayo. Msimharakishe, msimpe ushauri wa mazoezi asiouomba, na mwenye saa mkononi asiitazame tazame.

Washika mwendo wanatoka klabuni?

Mara nyingi ndiyo, pale timu ya parkrun inapoomba. Kila mmoja anavaa kizibao chenye muda wake, kwa mfano dakika 25, 30 au 35, na anakimbia kwa mwendo sawa ili wengine wamfuate. Chagua muda ulio mwepesi kwako, kiasi cha kuweza kuongea njia nzima. Mwenye muda bora wa dakika 24 asijitolee kushika 25. Atakuwa anahema na kuwasahau waliomfuata.

Kozi ya wanaoanza inahusianaje na parkrun?

Kozi yetu inafuata mpango wa wiki 9 unaotumiwa na NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, kutoka kukimbia dakika moja moja hadi nusu saa bila kusimama. Jumamosi baada ya wiki ya mwisho tunakwenda parkrun pamoja. Kila mwanafunzi anapata mwanaklabu mmoja pembeni yake, na kila mmoja anamaliza kilomita zake kwa mwendo wake.

Ninaomba walimu wa kozi walisikie hili: wengi hawatakimbia kilomita 5 zote kwa nusu saa, na wasiambiwe kwamba wangepaswa. Anayetembea mlima wa pili amefuzu.

Nivae jezi ya klabu? Na jina la klabu kwenye matokeo linaingiaje?

Vaa unachopenda. Siku ya klabu tunaomba jezi ili watu wajue wamuulize nani. Dada zetu wanaovaa hijabu na nguo ndefu wanakimbia hivyo kila wiki, na hakuna kanuni yoyote ya mavazi inayowazuia.

Jina la klabu unalichagua mwenyewe kwenye akaunti yako ya parkrun. Ukishalichagua, matokeo ya kila wiki yanaweka pamoja wanaklabu wote popote walipokimbia siku hiyo. Ndiko tunakotoa orodha ya Jumamosi jioni.

Muda wa parkrun unahesabika kwenye mashindano ya ndani ya klabu?

Hapana, na nina furaha kamati ilipitisha hivyo. parkrun yenyewe inasema si mbio za ushindani, na Februari 2024 iliondoa kwenye tovuti yake orodha za rekodi za kila mahali. Wapo wanaklabu waliokasirika, nami nawaelewa. Namba ni sehemu ya raha ya mbio. Muda wako mwenyewe bado unaupata kila wiki, ulinganishe na wa mwezi jana upendavyo. Tuzo tunayotoa mwisho wa mwaka ni ya aliyejitolea zaidi.

## Siku yenyewe

Nisimame wapi mwanzoni?

Kadiri ya mwendo wako. Wenye kasi mbele, wanaotembea na wenye vigari vya watoto nyuma. Wanaklabu msijipange safu ya watu wanne mkipiga soga, na njiani msimpigie mtu kelele akupishe. Unazunguka, unasema asante.

Watoto wanaruhusiwa?

Kuanzia miaka 4. Aliye chini ya miaka 11 lazima awe karibu na mtu mzima wake kiasi cha kumfikia kwa mkono, mwanzo hadi mwisho, hata kama mtoto ana kasi kuliko baba. Msimamizi akikukumbusha, usichukie. Kwa wenye miaka 4 hadi 14 kuna pia parkrun ya watoto, kilomita 2, Jumapili asubuhi, ila si kila mji unayo.

Mbwa je?

Inategemea bustani. Pale anaporuhusiwa ni mbwa mmoja kwa mtu mmoja, kamba fupi, na imeshikwa mkononi. Mikanda ya kumfunga mbwa kiunoni haikubaliwi tena. Mnaoogopa mbwa, na wengi tuliokulia pwani tunaogopa, waambieni waelekezaji. Si jambo la aibu.

Ramadhani tunafanyaje?

Wengi hutembea badala ya kukimbia, au hujitolea mwezi mzima. Waliofunga wasipangwe kupanga koni alfajiri halafu wakabaki hadi mwisho. Mratibu wetu wa klabu anajua, mkumbushe tu. Ukijisikia kizunguzungu, simama kwa mwelekezaji wa karibu.

## Mambo yanayotokea mara chache

Nimesahau msimbopau. Wanaweza kuandika jina langu tu?

Usitegemee. Utamaliza kama kila mtu, lakini kwenye matokeo nafasi yako itaonekana bila jina. Usigombane na msomaji wa misimbopau. Amejitolea na anafuata utaratibu.

Naweza kukimbia kwa msimbopau wa mwenzangu aliyesafiri?

Usifanye hivyo kamwe. Ukianguka, watampigia simu ndugu wa mtu mwingine. Matokeo kuharibika ni dogo likilinganishwa na hilo.

Nimegundua nyumbani kwamba tokeni ya kumalizia imo mfukoni.

Irudishe wiki ijayo na utoe taarifa mapema kwa timu. Tokeni zinafuatana kwa namba. Ikikosekana moja, mtu mmoja anatumia Jumamosi yake ya mchana kutafuta kosa liko wapi.

Nilivuka mstari lakini nimeamua sitaki muda.

Bado pita kwenye njia ya kamba iliyo baada ya mstari, pokea tokeni, kisha uirudishe bila kusomwa. Ukichomoka katikati ya foleni, kila aliye nyuma yako anaweza kupewa muda usio wake.

Mtu ameanguka mbele yangu. Nifanye nini?

Simama. Muda wako hauna maana tena. Mtume mpita njia wa kwanza kwa mwelekezaji wa karibu, naye atamwita msimamizi wa mbio, ambako kuna mashine ya kushtua moyo. Kama hajibu au hapumui vizuri, piga 999 hapo hapo na ufuate maelekezo ya anayepokea simu. Klabu ina mafunzo ya huduma ya kwanza kwa wanaotaka. Anayesimama kwenye kona kila wiki ningependa awe ameyapata.

Jumamosi hiyo kuna mbio za nyika za ligi. Niende wapi?

Mbio za nyika huwa mchana, kwa hiyo wengine hujitolea asubuhi na kushindana baadaye. Kukimbia zote mbili kwa nguvu ni kuchezea miguu yako. Mratibu hujaribu kutoweka siku ya klabu tarehe ya ligi.

Kuna barafu. Nitajuaje kama zimeahirishwa?

Tazama ukurasa wa parkrun ya hapa kabla ya kutoka nyumbani. Uamuzi ni wa timu yao, wakati mwingine hutolewa asubuhi ile ile baada ya kukagua njia. Usiandike kwenye kundi la klabu “zimefutwa” kwa sababu tu umeona theluji dirishani kwako.

Nikienda likizo nyumbani naweza kuendelea?

Barani Afrika zipo Afrika Kusini, ambako Bruce Fordyce, mshindi mara 9 wa Comrades, mbio ndefu kuliko marathoni za nchini humo, alizianzisha mwaka 2011 Johannesburg, na pia Namibia na Eswatini. Afrika Kusini huanza saa 2 asubuhi kwa sababu ya jua, na msimbopau wako ni ule ule.

Ukiwa Dar es Salaam, tafuta kikundi cha jogging cha mtaani. Wanatoka alfajiri mwishoni mwa wiki, fulana za rangi moja, nyimbo njia nzima, na mgeni anapokelewa. Hawatakuandikia muda. Waulize wanavyowashawishi watu kuja saa 12 asubuhi bila kukosa, kisha utuletee jibu. Mratibu wetu wa kujitolea analihitaji.